Barua kutoka Minnesota: mpira, shule na saa 50

Brooklyn Park, Minnesota
Jumapili jioni

Kwa dada yetu mpenzi na shemeji yetu, Mombasa,

Assalamu aleikum. Shikamooni nyote wawili. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, na watoto wanawaamkia. Hofu yetu ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yetu. Dada, barua yako tumeisoma mimi na wifi yako, tukaiweka mezani, tukairudia. Umeuliza kwa upole kama ni kweli kijana wako anaweza kupata skolashipu ya mpira Marekani, maana shuleni Serani wanamsifu kwa mguu wake wa kushoto na watu wameanza kuja nyumbani na maneno. Ni kweli, inawezekana. Ila namna inavyosimuliwa vijiweni sivyo inavyokwenda, na hapo ndipo wazazi wanapopoteza fedha na vijana wanapopoteza miaka. Ndiyo maana barua hii ni ndefu. Msomeeni na yeye mwenyewe.

Tuanze na mtu mmoja wa hapa Minnesota, kwa sababu ndiye kipimo tunachotaka mpwa wetu akijue kabla ya kujua ada na fomu. Anaitwa Alan Page. Mpira wake si huu wetu, ni ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Alizaliwa Canton, Ohio, tarehe 7 Agosti 1945. Alisoma chuo kikuu cha Notre Dame, timu yao ikawa bingwa wa nchi mwaka 1966, na mwaka uliofuata akahitimu shahada ya sayansi ya siasa na kuchukuliwa na Minnesota Vikings. Alikuwa mlinzi wa mstari wa mbele. Kazi yake ilikuwa kumsukuma aliye mbele yake na kumfikia mpigaji pasi kabla mpira haujamtoka mkononi. Mwaka 1971 alitajwa mchezaji bora wa ligi nzima, na kabla yake hakuna mlinzi aliyewahi kupewa heshima hiyo. Alicheza misimu 15.

Sasa tazameni alichokifanya katikati ya misimu hiyo. Alijaribu shule ya sheria mapema, akaiacha baada ya wiki chache tu. Mwaka 1975 akarudi tena, safari hii Chuo Kikuu cha Minnesota, na mwaka 1978 akatoka na shahada ya sheria ilhali bado anacheza kila Jumapili. Watu wakisimulia habari hii husifu akili zake. Sisi tunaona lenye mafunzo zaidi ni lile la kwanza, kwamba alishindwa na hakuuchukulia ushinde ule kuwa ndiyo hukumu. Alipotundika viatu mwaka 1981 tayari alikuwa wakili. Baadaye akafanya kazi katika ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, na mwaka 1992 wananchi wakamchagua kwa kura kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Minnesota, mtu mweusi wa kwanza kukalia kiti hicho. Alikikalia mpaka 2015, alipotimiza miaka 70, umri ambao sheria ya jimbo inamtaka jaji astaafu.

Dada, yako mengine yanayotugusa zaidi ya ujaji. Mwaka 1988 aliingizwa katika jumba la heshima la mpira wao, ambalo liko Canton huko huko alikozaliwa. Desturi ni mchezaji kumchagua mtu wa kumtambulisha siku hiyo, na wengi humchagua kocha. Yeye alimchagua Willarene Beasley, mwalimu mkuu wa sekondari moja ya Minneapolis. Mwaka huohuo yeye na mkewe, Diane, wakaanzisha Page Education Foundation kuwasaidia vijana wa jamii za wachache hapa Minnesota kulipia chuo. Msaada huo ulikuwa na sharti: kijana anayepewa fedha lazima kila mwaka atoe saa 50 za kuwahudumia watoto wadogo, awasaidie kusoma, kufanya hesabu na kuona kwamba shule ni yao. Fedha inakwenda kwa mkubwa, naye mkubwa anampa mdogo muda wake, na mdogo anamwona mtu anayefanana naye amefika chuoni. Maelfu wamepitia njia hiyo. Mama Diane hakuwa mke wa kusimama pembeni kwenye picha. Mradi ulikuwa wao wawili, na vitu vya historia ya watu weusi tangu enzi za utumwa, walivyokusanya kwa miaka mingi, viliwekwa wazi kwa umma katika maktaba kuu ya Minneapolis mapema mwaka 2018, miezi michache kabla Mama Diane hajafariki. Binti yao mmoja ni mwalimu, na baba yake ameandika naye vitabu vya watoto. Kusini mwa Minneapolis kuna shule iliyobadilishwa jina mwaka 2017 ikaitwa kwa jina la Alan Page, baada ya wanafunzi wenyewe kulipigania. Na siku ya marathoni ya jiji amezoea kusimama kando ya njia na tarumbeta lake kubwa la shaba akiwapigia wakimbiaji.

Tumeyaeleza haya kwa sababu vijana wengi huku wanadhani skolashipu ni zawadi ya mguu. Skolashipu ni kubadilishana. Chuo kinanunua muda na mwili wa kijana kwa miaka minne, na kijana naye lazima ajue ananunua nini kwa muda huo. Asipojua, miaka inakwisha, goti limeuma, na mkononi hana kitu.

Haya, sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Kosa la kwanza ni kutafuta chuo kwa umaarufu wa jina. Chuo Kikuu cha Minnesota, kikubwa kama kilivyo, hakina timu ya soka ya wanaume. Ya wanawake ipo. Sababu ni kwamba sheria ya 1972 inavitaka vyuo viwape wanawake nafasi za michezo kwa haki, na ule mpira wa Kimarekani unameza nafasi nyingi mno za wanaume, kwa hiyo vyuo vingi vikubwa haviweki soka ya wanaume kabisa. Katika jimbo zima hili, chuo chenye soka ya wanaume katika Divisheni I, daraja la juu la michezo ya vyuo, ni St. Thomas, na kimepanda daraja hilo mwaka 2021 tu. Kijana anayeandika barua pepe kwa vyuo 20 vikubwa bila kukagua jambo hili atapata ukimya, na atadhani tatizo ni mguu wake.

Madaraja yenyewe ni haya. NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo, kina Divisheni I, II na III. Kando yake kuna NAIA, yenye vyuo vidogo vingi, na NJCAA ya vyuo vya miaka miwili. Msidharau vyuo vidogo. Lawrence Olum, Mkenya mwenzetu, alipitia Missouri Baptist, chuo cha NAIA, akafika ligi kuu ya Marekani na mwaka 2019 akavaa jezi ya Minnesota United hapa hapa. Philip Mayaka alipita njia nyingine, akacheza Clemson katika Divisheni I, na mwaka 2021 Colorado Rapids wakamchagua wa tatu kati ya wachezaji wote wa vyuo. Divisheni III haitoi hata senti moja kwa ajili ya mpira, lakini baadhi ya vyuo vyake vina fedha nyingi za msaada kwa wanafunzi wazuri darasani. Macalester, hapo St. Paul, ni kimojawapo. Kofi Annan alihitimu pale mwaka 1961.

Sasa fedha, na hapa shemeji naomba usome kwa makini. Kwa miaka mingi timu ya soka ya wanaume ya Divisheni I iliruhusiwa skolashipu 9.9 tu, zigawanywe kwa wachezaji karibu 30. Divisheni II ni 9. Mwaka 2025 vyuo vya Divisheni I vilivyokubali utaratibu mpya vimewekewa kikomo cha idadi ya wachezaji, 28, badala ya kikomo cha skolashipu, lakini ruhusa haileti fedha yenyewe, na makocha wengi bado wanakata mkate vipande. Kwa hiyo kocha akisema "nina skolashipu yako", swali la kwanza ni asilimia ngapi, na asilimia ya nini. Ada peke yake? Chumba na chakula? Vitabu? Bima ya afya? Miezi ya kiangazi, bweni likifungwa, atalala wapi?

Chukueni mfano. Chuo kinagharimu dola 40,000 kwa mwaka. Kocha anatoa nusu, inabaki 20,000. Kijana ana matokeo mazuri, chuo kinampa 10,000 za kitaaluma. Zinabaki 10,000, na hizo lazima mwonyeshe chuo, kwa karatasi za benki, kwamba mnazo au kuna mdhamini mwenye nazo, la sivyo chuo hakitoi fomu ya I-20, na bila I-20 hakuna viza. Mara nyingi safari hukatikia hapa, mpira ukiwa umekubaliwa kabisa. Tena oneni siri iliyo ndani ya hesabu hiyo: zile 10,000 za darasani hazitoki kwenye fungu la kocha. Kocha mwenye wachezaji wawili sawa kwa uwezo atamchukua yule ambaye chuo kitamlipia sehemu kubwa kwa sababu ya alama zake. Kijana akipandisha Hesabu kutoka C hadi B+ anaweza kuwa ameongeza thamani yake ya mpira kuliko kwa mabao kumi.

Kuna pia kodi, ambayo hakuna dalali anayeitaja. Sehemu ya skolashipu inayolipa ada na vitabu haitozwi. Sehemu inayolipa chumba na chakula hutozwa, na kwa mwanafunzi mgeni wa viza ya F-1 kutoka Kenya makato ni asilimia 14. Kijana aliyeahidiwa kila kitu bure anakuta bili ya dola mia kadhaa au zaidi kwenye akaunti yake ya chuo, hajui imetoka wapi, na isipolipwa hawezi kujiandikisha muhula unaofuata. Muulize kocha mapema nani atalipa makato hayo.

Upande wa masomo, NCAA hukagua masomo ya msingi 16 ya sekondari: Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Divisheni I inataka wastani wa alama wa 2.3, Divisheni II 2.2, kwa kipimo cha 4. Mtihani wa SAT, ule wa Kimarekani wa kuingilia vyuo, chama hakiutaki tena tangu 2023, ila vyuo kadhaa bado huuomba, na kupata alama nzuri husaidia kwenye zile fedha za darasani. Zinazotakiwa ni ripoti za kila muhula tangu kidato cha kwanza, zenye muhuri wa shule, na cheti cha KCSE. Tafadhali, dada, anza kuzikusanya sasa. Ripoti ya kidato cha kwanza ikipotea, kuipata tena baada ya mwalimu mkuu kuhamishwa ni kazi ya wiki nyingi.

Na majina! Linganisheni cheti cha kuzaliwa, jina alilosajiliwa kwa mtihani na pasipoti. Kwetu Pwani Mohamed mmoja ana tahajia nne, na jina la babu huingia kwenye karatasi moja likatoka kwenye nyingine. Herufi moja ikitofautiana, faili linasimama. Rekebisheni kabla ya usajili wa KCSE, maana baada ya cheti kuchapishwa ni safari ndefu.

Kijana atafanya KCSE Novemba 2027. Msimu wa soka ya vyuo ni Agosti hadi Novemba, kwa hiyo lengo ni Agosti 2028. Divisheni I inampa mchezaji mwaka mmoja tu wa kuingia chuoni baada ya kumaliza sekondari kwa wakati. Akivuka hapo huku anaendelea kucheza mashindano, anaanza kupunguziwa misimu. Akisema apumzike kwanza achezee klabu hadi 2029, ameshakula mtaji wake. Klabu ikimpa nauli, chakula na viatu si tatizo, lakini akisaini mkataba wa mshahara ameingiza doa kwenye faili. Asisaini karatasi yoyote, hata ya posho ndogo, bila kutupigia kwanza. Kanuni hizi hurekebishwa mara kwa mara, basi mwaka wa kuomba asome toleo la mwaka huo huo.

Hao watu wanaokuja nyumbani wakitaka asilimia ya skolashipu waambieni hapana, kwa adabu. Kulipa wakala kwa hesabu ya skolashipu atakayopata mtoto ni kinyume cha kanuni za NCAA na kunaweza kumfungia mlango. Ada maalumu ya huduma inaruhusiwa, lakini kazi yenyewe anaweza kuifanya mwenyewe. Video ya dakika tatu hadi tano, matukio bora kabisa yawe mwanzoni, na kila tukio asimamishe picha aweke duara juu yake kabla mpira haujamfikia, kwa sababu kocha hawezi kubahatisha ni nani kati ya 22. Yeye ni kiungo mkabaji, basi aonyeshe pia anavyojipanga bila mpira, anavyogeuka na mtu mgongoni, anavyonyang'anya na kutoa pasi ya kwanza mbele. Mabao matano ya mpira wa adhabu hayamwambii kocha kitu kuhusu kiungo. Awe na mechi moja nzima tayari, maana kocha akivutiwa ndiyo atakayoomba. Barua pepe iwe fupi: mwaka wa kuzaliwa, nafasi, mguu, urefu, mwaka wa kumaliza shule, alama, kiungo cha video. Kila kocha aandikiwe kwa jina lake. Barua moja iliyotumwa kwa makocha 60 inajulikana mara moja.

Kwa viza, karatasi kwanza ziwe sawa. I-20 inatoka kwa chuo chenyewe, haiuzwi. Kisha ada ya SEVIS, daftari la serikali la wanafunzi wa kigeni, dola 350, fomu ya DS-160 ya kuombea viza, ada ya viza dola 185, na mahojiano ubalozini Nairobi. Ofisa huuliza mambo matatu kwa namna mbalimbali: kwa nini chuo hiki, nani analipa, utasomea nini. Kijana anayejibu yote kwa neno "mpira" anajiharibia. Ajue jina la shahada yake na sababu ya kuichagua.

Akishafika, sheria moja aishike kama jina lake: krediti 12 kila muhula, yaani vile vipimo ambavyo chuo huhesabia uzito wa masomo. Viza inazitaka na timu inazitaka. Akiacha somo moja katikati ya muhula kwa sababu ni gumu, akashuka hadi 9, siku hiyo hiyo ameyumbisha uhalali wake wa kukaa nchini na haki yake ya kucheza. Kabla ya kuacha somo lolote aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kisha kwa mshauri wa masomo wa wanamichezo. Divisheni I inataka krediti 24 kabla ya mwaka wa pili, kisha asilimia 40 ya shahada uanzapo mwaka wa tatu, 60 uanzapo wa nne. Ndiyo maana kubadili fani mwaka wa tatu ni hatari: masomo aliyopita yanaweza yasihesabiwe kwenye shahada mpya, asilimia ikashuka, akaketi benchi akiwa mzima.

Kazi ya kulipwa ni ndani ya chuo tu, isizidi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Siku hizi mtasikia wanamichezo wa vyuo wanalipwa kwa matangazo na kwa jina lao. Mmarekani anaweza. Mwenye F-1 akipokea fedha ya tangazo alilolifanyia kazi hapa anaweza kuhesabiwa amefanya kazi bila kibali, na adhabu yake yaweza kuwa kurudishwa nyumbani. Asiguse, hata kama ni dola 50 na viatu, bila kuwauliza wanaohusika chuoni.

Wiki yenyewe tumeipiga hesabu. Ina saa 168. Toa 56 za usingizi, 15 za darasani, 30 za kujisomea. Timu inaruhusiwa kumtumia saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, zisizidi nne kwa siku, na siku moja ya mapumziko. Lakini siku ya mechi huhesabiwa saa tatu hata ikichukua kutwa, na safari ya basi na matibabu ya misuli hayahesabiwi, kwa hiyo ongeza angalau saa nane. Chakula, sala, kuoga na kutembea, 25. Kazi ndogo ya maktaba, nane. Zinabaki sita. Huyo ni kijana asiyepoteza muda kabisa, na hatujamwekea simu wala marafiki.

Kati ya hizo sita, mbili ziwe za watoto. Tunajua itaonekana ni kumwongezea mzigo. Saa 50 kwa mwaka ni saa mbili kwa wiki 25, yaani karibu wiki zote za masomo ukiondoa mitihani. Msimu wa mechi achague Jumatatu, ambayo timu nyingi huiacha kuwa siku ya mapumziko, miguu mizito lakini kichwa kipo. Shule za msingi zinahitaji watu wa kukaa na mtoto mmoja mmoja na kitabu. Lazima apitishwe kwenye ukaguzi wa rekodi za polisi kwanza, na huchukua siku kadhaa, kwa hiyo aombe wiki ya kwanza ya Septemba, asingoje Oktoba. Kazi iwe ya kujitolea kwelikweli, isiyo na malipo ya aina yoyote, katika shule au shirika la hisani, maana kujitolea kwenye biashara mahali ambapo wengine hulipwa kunaweza kuhesabiwa ni ajira.

Linaloharibika huku tumeliona mara nyingi: timu nzima inakwenda shule moja asubuhi moja, jezi zinavaliwa, picha zinapigwa, watoto wanafurahi, halafu hakuna anayerudi. Mtoto wa darasa la pili aliyeahidiwa "tutaonana wiki ijayo" hukumbuka. Bora aende peke yake kila Jumatatu kwa saa zake mbili, kwa mtoto huyo huyo, kuliko siku ya sherehe. Asiende kufundisha kupiga mpira tu, ingawa ndicho watoto watakachoomba. Kila saa asome nao dakika 40 kwanza, kisha wacheze 20. Mtoto akiona mchezaji anakosea neno, analirudia polepole na haoni aibu, amejifunza kitu ambacho mwalimu hawezi kumpa.

Na hili halihitaji viza. Aanze sasa, hapo mtaani, na watoto watatu au wanne wa darasa la nne, Jumamosi baada ya madrasa, saa moja tu ya hesabu na Kiingereza. Aandike daftari: tarehe, saa, walichosoma, na mtu mzima aweke sahihi. Vyuo huuliza fomani mwombaji amewafanyia nini watu wa kwao, na daftari la miaka miwili lenye sahihi lina uzito kuliko aya nzuri. Zaidi ya hapo, kumfundisha mtoto sehemu za hesabu kunamlazimu yeye mwenyewe azielewe, na tumeshasema Hesabu ni fedha.

Upande wa nyumbani tunaomba mambo mawili. La kwanza, msimtegemee kwa fedha miaka hiyo minne. Najua majirani watasema mtoto yuko Marekani. Kwa kazi ya maktaba ya saa nane atapata ya sabuni, simu na nauli, basi. Vijana wanaotumiwa ujumbe wa shida kila wiki huanza kutafuta kazi za kificho nje ya chuo, na hapo viza imekwenda. Shida ya kweli ikitokea tupigieni sisi.

La pili, muwe mnaongea naye kwa ratiba. Majira ya joto tunawafuata kwa saa nane nyuma, baridi ikiingia ni tisa. Saa tatu usiku Mombasa mwezi Septemba, huku ni saa saba mchana. Jumapili ni nzuri, ila siyo siku ya mechi kabla haijachezwa. Na mkimpigia, msianze na "mmeshinda?" Anzeni na darasa, kisha kula, kisha mpira. Dada, akiumia utajua kwa sauti kabla hajasema. Muulize bima: bima nyingi za wanafunzi hazilipi majeraha ya michezo ya chuo, timu inakuwa na bima yake ya pili, na kijana lazima aripoti jeraha kwa mganga wa timu siku hiyo hiyo. Akilificha wiki mbili ili asikose mechi, anaweza kubaki na bili mwenyewe. Someni pia kwenye mkataba kama skolashipu ni ya mwaka mmoja au zaidi, na inasema nini mchezaji akiumia.

Ramadhani isiwatie wasiwasi. Miaka atakayokuwa huku itaangukia kati ya Desemba na katikati ya Februari, mechi zimekwisha na mchana wa Minnesota ni mfupi. Amwambie tu kocha wa mazoezi mapema ili mazoezi mazito yasogezwe. Nguo za baridi msinunue huko, zetu zipo.

Basi kwa sasa tutumieni picha za ripoti zote tangu kidato cha kwanza, cheti cha kuzaliwa, na jina kamili kama lilivyo kwenye usajili wa shule, tulinganishe. Naye atuandikie mwenyewe, kwa Kiingereza, ukurasa mmoja: anataka kusomea nini na kwa nini. Wifi yako ataisahihisha na kumrudishia, na wataendelea hivyo kila mwezi mpaka mkono ukae sawa. Tukimaliza hapo ndipo tutazungumza habari ya video.

Mama msalimieni sana, mwambieni dawa ya macho imeshatumwa na mtu anayekuja mwisho wa mwezi. Watoto wote wabusuni.

Wassalaam,
Ndugu yenu na wifi yenu